Kanda nane za Kibarani

Nimekuwa kimya kwa muda, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kazi hii ya kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Kilifi, nimepakata sanduku la kanda za video. Leo basi tuweke kando seva na hifadhidata, maana nina historia ya kuwasimulia. Kompyuta itaingia tu mahali, siwezi kujizuia.

Kibarani ninayoisema si ile ya Mombasa, ambayo watu wa mjini waliijua kwa jaa la taka karibu na Makupa. Hii ni Kibarani ya Kilifi, wadi ya Kilifi Kaskazini, nje kidogo ya mji. Kuna shirika dogo la akina mama huko, jina lake nitalihifadhi, ambalo liliniita niwatengenezee tovuti. Mwenyekiti akaniambia, "Mwanangu, sisi filamu tunayo. Ilipigwa mwaka 2006. Wewe iweke tu pale mbele, watu watuone." Wakati ule walikuwa wamepata fedha za mradi, na mfadhili alitaka filamu fupi. Wakakodi mpiga video wa kujitegemea, kijana aliyekuwa akipiga harusi siku za Jumamosi na kazi za mashirika siku nyingine. Alikaa nao siku nne, akajaza kanda nane, na baada ya mwezi akaleta filamu ya dakika 12 kwenye DVD.

Katibu akanitolea DVD yenyewe. Imeandikwa kwa kalamu, imewekwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ndani ya kabati la mabati. Wanaoishi pwani mnajua joto la kabati la mabati. DVD za kuchoma nyumbani huhifadhi data kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo haipendi joto wala jua. Kompyuta ya kwanza ilikataa kuisoma. Ya pili ilikohoakohoa. Nikatumia ddrescue, programu ambayo hurudia kusoma sehemu zilizoharibika bila kukata tamaa, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nilikuwa na karibu filamu nzima.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Mmoja wa wanawake waliopigwa picha mwaka ule amefariki. Alimwacha mtoto mchanga, ambaye sasa ni kijana mkubwa, na alikuja ofisini kwa sababu alisikia kwamba mamake yumo. Kweli yumo. Anaonekana kwa sekunde tisa hivi, ameketi chini ya mkorosho, midomo inatembea, mikono inaeleza jambo. Sauti inayosikika ni ya msimulizi, mwanamume, kwa Kiingereza, akisema habari za kuwawezesha wanawake. Kijana akaniuliza, "Yeye mwenyewe anasema nini?" Sikuwa na jibu, maana kwenye filamu ile sauti ya mamake haimo kabisa.

Wenzangu wa programu mtaelewa haraka. DVD ni programu iliyokwisha kujengwa. Unaweza kuiendesha, lakini huwezi kuirudisha kwenye msimbo wake. Msimbo wa filamu ni picha ghafi, yaani zote zilizopigwa kabla ya mkasi kupita. Nikauliza kanda nane ziko wapi. Hakuna aliyejua. Kusema kweli, mpaka siku ile hakuna aliyewahi kuuliza.

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, nikitaka kujua kama uzembe huu ni wetu sisi wa leo tu. Nimegundua kwamba ni wa zamani sana, na kwamba katika Afrika Mashariki ulianza pamoja na filamu za mashirika zenyewe.

Twende Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliasisiwa na baraza la kimataifa la wamisionari, fedha nyingi zikatoka kwa Carnegie Corporation ya New York, na serikali za kikoloni zikaunga mkono. Watu wawili ndio walioubeba: Leslie Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba Afrika Mashariki, na Geoffrey Latham, mtu wa elimu kutoka Northern Rhodesia. Ukiwatazama kwa macho ya leo, hawa ni shirika lisilo la serikali lenye mfadhili, muda maalumu, ripoti ya mwisho na gari la kuzungukia vijijini. Ripoti yao ilitoka kama kitabu mwaka 1937.

Walitengeneza filamu 35. Nyingine zilihusu benki ya akiba ya posta, nyingine kodi, nyingine minyoo ya safura, mmomonyoko wa udongo, soko la kahawa. Ukisoma orodha hiyo unaweza kudhani ni orodha ya miradi iliyofadhiliwa Kilifi miaka kumi iliyopita, ukiondoa kodi.

Kilichonigusa mimi ni namna walivyofanya sauti. Walitumia filamu ya milimita 16, ambayo ilikuwa rahisi, na picha zilikuwa bubu. Sauti ilirekodiwa kando kwenye sahani za santuri, na wakati wa maonyesho mashine mbili ziliendeshwa pamoja. Faida yake ilikuwa kubwa: filamu moja ingeweza kupewa sahani ya Kiswahili hapa, ya Kikuyu pale, ya Kiganda kwingine. Sisi tungesema walitenganisha kiolesura na lugha, na ni muundo mzuri. Hasara yake anaijua kila aliyewahi kurekodi sauti kando ya kamera. Filamu ikikatika na kuungwa, fremu chache hupotea, na kuanzia hapo mdomo na neno havikutani tena. Na sahani ikivunjika, umebaki na watu wasiosema.

Halafu kuna jambo ambalo halikuwasumbua wakati ule. Mkulima anayeonekana shambani hakurekodiwa akisema lolote. Maneno yaliandikwa mezani, yakasomwa na mtu mwingine, yakawekwa juu ya uso wake. Yule mama wa Kibarani chini ya mkorosho alitendewa vivyo hivyo miaka 70 baadaye, ingawa kamera ya mwaka 2006 ilikuwa na mikrofoni.

Katika filamu zile 35, zinazojulikana kubaki ni tatu. Zimehifadhiwa London, kwenye hazina ya British Film Institute: moja ya safura, moja ya mafunzo ya mifugo, na moja ya mashamba ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro. Zote ni za mwaka 1936. Nyingine 32 tunazijua kwa majina na maelezo ya kitabuni. Mradi ulipoisha fedha ziliisha, na bajeti ya kutengeneza filamu haikuwa bajeti ya kuzitunza. Hapo sidhani kama kuna kilichobadilika.

Baada ya Vugiri ikaja Colonial Film Unit ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939 chini ya William Sellers na kufungwa mwaka 1955. Sellers alikuwa na imani kwamba mtazamaji wa Kiafrika apewe picha za polepole, zisizo na ujanja wa kukatakata, na imani hiyo imeandikiwa mengi na wasomi. Mimi nataka mpango wao mmoja tu. Wakati wa vita vya pili, London ilituma filamu tupu kwa maofisa walioko makoloni. Ofisa anapiga, anafunga, anatuma kwa meli. London inasafisha, inakata, inaunganisha, inaweka maelezo. Aliyepiga hakukata, aliyekata hakuwahi kufika, na picha ghafi zilibaki kule kule kwenye mkasi.

Mpiga video wa Kibarani alifanya hivyo hivyo, mwendo mfupi zaidi. Yeye hakujua Kigiriama. Akina mama walizungumza Kigiriama kwa sababu ndiyo lugha wanayoelezea maumivu na mzaha, na yeye alipokuwa akihariri usiku hakujua sentensi inaanzia wapi na kuishia wapi. Aliniambia hili mwenyewe, bila aibu, na nilimheshimu kwa kusema. Kuweka sauti ya msimulizi juu ya kila mtu kulikuwa njia salama ya kutokata neno katikati. Siku moja tu ya mkalimani kukaa kando ya kompyuta ingetosha, lakini haikuwemo kwenye bajeti.

Kabla sijawaeleza nilivyompata, niwape mfano wa upande wa pili, maana si kila mpiga picha wa kujitegemea huacha vitu vipotee. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Tanganyika, na mwaka 1963, akiwa bado kijana mdogo, akafungua Camerapix jijini Dar es Salaam. Alipiga mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Miaka miwili baadaye alifungwa Zanzibar karibu mwezi mzima kwa sababu ya picha zake, kisha akafukuzwa, akahamia Nairobi. Oktoba 1984 alipiga picha za njaa huko Korem, Ethiopia, ambazo BBC ilizionyesha tarehe 23 mwezi huo pamoja na taarifa ya Michael Buerk, kisha zikazunguka vituo zaidi ya 400 duniani. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoanguka baharini Komoro.

Watu husimulia Amin kwa ushujaa. Mimi namsimulia kwa makabati. Alikuwa mtu wa kuuza picha, na mtu wa kuuza picha hujua kwamba picha ya leo inaweza kuuzwa tena kesho, kwa hiyo asili haitoki mkononi. Camerapix ilibaki na hazina ya picha zaidi ya milioni mbili na kanda nyingi sana, na mwaka 2021 maelfu ya picha hizo yaliwekwa wazi mtandaoni kupitia Google Arts & Culture. Hazikubaki kwa sababu shirika fulani liliagiza zitunzwe. Zilibaki kwa sababu aliyezipiga alizihesabu kuwa mali yake, akajenga ofisi ya kuzitunza.

Kijana anayepiga harusi Kilifi hana ofisi. Ana begi.

Na hapa lazima niingie kidogo kwenye hesabu, mnisamehe. Miaka ile ya 2000 kamera ya kazi za mashirika huku kwetu ilikuwa Sony PD150 iliyotoka mwaka 2000, au PD170 ya mwaka 2003. Zilitumia kanda ndogo za MiniDV, utepe wa milimita 6 na kitu. Picha ya DV ni megabiti 25 kwa sekunde. Ukijumlisha na sauti, saa moja hufika gigabaiti 13. Kanda nane ni zaidi ya gigabaiti 100. Laptopu nyingi za mwaka 2006 zilikuwa na diski ya gigabaiti 40 hadi 80. Kwa hiyo asingeweza kuweka kanda zote kwenye kompyuta hata angetaka. Aliingiza vipande alivyovihitaji, akahariri, akachoma DVD, akafuta ili kutoa nafasi ya harusi inayofuata. Kumtumia mtu wa Nairobi kwa intaneti kulikuwa ndoto, maana nyaya za baharini zilikuwa hazijafika. SEACOM ilianza kufanya kazi Julai 2009. Kitu kikubwa kilipakiwa kwenye basi, na mwenye nacho akaomba dua.

Lakini kanda ilikuwa na wema wake. Ilikuwa kifaa cha kurekodia na hifadhi kwa wakati mmoja. Ukiitoa kwenye kamera na kusukuma kile kidude cha kuzuia kufuta, umekwisha kutunza. Zilipokuja kadi za kumbukumbu, na hasa baada ya Canon kutoa 5D Mark II mwaka 2008 na kila mtu kutaka kupiga video kwa kamera ya picha, wema huo ukaondoka. Kadi ni ghali, haiwekwi kabatini. Inanakiliwa, inafutwa, inarudi kazini jioni hiyo hiyo. Nimekutana na mashirika yenye kanda za mwaka 2003 zinazosomeka na hayana hata fremu moja ya mwaka 2013.

Sheria je? Nilidhani nitakuta shirika halina haki. Nikakuta kinyume chake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2003, inasema katika kifungu cha 31 kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuhamia kwa aliyeagiza, ila kama wamekubaliana vingine. Kwa maana hiyo akina mama wa Kibarani, kama hawakuandikiana lolote kinyume, ndio wenye filamu. Lakini hakimiliki ni haki, si kanda. Sheria inaweza kukupa haki ya kunakili kitu ambacho kiko chini ya kitanda cha mtu mwingine Mombasa, au kilichokwisha kurekodiwa harusi juu yake. Mkataba wao niliusoma, ni ukurasa mmoja. Unataja siku, malipo, nauli, chakula na "filamu moja kwenye DVD". Kanda hazimo.

Kumpata mwenyewe kulichukua wiki tatu, kwa kuuliza mtu aliyemjua mtu. Ameacha video, sasa anakodisha vyombo vya muziki. Nilipiga simu nikiwa na hasira kidogo, nikiri. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nililipwa kupeleka filamu, nikapeleka. Kanda hakuna aliyeniuliza. Na nusu ya malipo nilingoja miezi mitano." Hasira ikaniisha. Kanda sita alizitumia tena, moja baada ya nyingine, kipindi kile alichokuwa akingoja malipo. Mbili zilibaki kwa mamake mzazi, kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya shule. Akanipa bila kudai senti. Alichotaka ni nakala, kwa sababu hana kazi yake hata moja ya miaka ile.

Kanda ya kwanza ilikuwa na ukungu mweupe ukingoni. Sikuithubutu kuicheza, imekwenda kwa fundi wa kusafisha. Ya pili ilionekana safi. Nikatafuta kamera inayocheza, nikaazima kompyuta ya mezani ya zamani yenye tundu la FireWire, nikaweka Linux na programu ya dvgrab. Kanda ya DV hainakiliwi kwa haraka kama faili. Saa moja ya kanda ni saa moja ya kukaa, na ikifika penye utepe mbovu picha hugeuka vijiraba. Niliihifadhi kama ilivyotoka, faili za .dv, bila kuibana tena kwa kodeki ya kisasa. Nakala moja iko ofisini Kibarani, moja kwangu, moja kwa mpiga video, kila moja na alama yake ya SHA-256 ili tujue siku moja ikianza kuoza. Sauti ya DV haibanwi. Ni biti 16 kwa kilohezi 48, kwa hiyo kilichoingia kwenye mikrofoni mwaka 2006 ndicho kilichotoka.

Shirika sasa lina mkataba mwingine kwa kazi ijayo. Una mistari minne mipya: picha ghafi zote zikabidhiwe kwenye diski mbili ambazo shirika litanunua, malipo ya mwisho yatoke siku ya makabidhiano, si miezi mitano baadaye, mpiga video abaki na nakala na aruhusiwe kuonyesha kazi yake, na mtu anayejua Kigiriama akae naye wakati wa kuhariri, alipwe. Kuna pia fomu ya ridhaa ya wanaopigwa, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imelifanya kuwa la lazima zaidi. Mwenyekiti aliuliza kwa nini mpiga video abaki na nakala ya vitu vyetu. Nikamwambia kwamba bila yeye na sanduku la mamake tusingekuwa tumeketi pale.

Kijana alikuja Jumapili alasiri. Mamake yumo kwenye kanda ya pili, dakika kumi na moja mfululizo, kwa Kigiriama. Anaeleza walivyochangishana fedha za kwanza, nani alikataa, nani alikopa na hakulipa. Kijana hakusema kitu hadi mwisho. Kisha akaomba nirudishe pale anapomkatiza mpiga video, anamwambia ngoja kwanza, mbuzi wameingia kwenye mahindi, na anainuka huku mikrofoni ikiwa bado imebanwa kifuani, anasikika akiwafukuza hata baada ya kutoka kwenye picha. Tulirudisha mara nne.